Herufi za Jeshi na Habari za Babu Zetu Waliokwenda Vitani

Mgeni akipita katika nchi ya Wamatengo na kutazama ngolo zilizochimbwa mlimani, aona mashimo tu, moja baada ya jingine. Mwenyeji ajua kwamba kila shimo lina kazi yake: lashika maji ya mvua, lazuia udongo usichukuliwe, na nyasi zilizofukiwa kando yake zaoza na kuwa mbolea. Ndivyo zilivyo karatasi za jeshi. Asiyezizoea aona herufi kubwa, nukta na tarakimu zilizopangwa bila maana. Lakini kila herufi iliandikwa na karani kwa sababu, nayo ina neno lake.

Twaandika habari hizi kwa kuwa katika Mpepai, na katika vijiji vingine vya Mbinga mpaka pwani ya Ziwa Nyasa, ziko koo nyingi ambazo watu wao walikwenda katika Vita Kuu vya 1914–1918 au vile vya 1939–1945. Katika nyumba moja imebaki nishani. Katika nyingine cheti cha kuachiwa kazi, kimekunjwa mpaka kimetoboka. Na katika nyingine limebaki neno la wazee tu, kwamba fulani alikwenda Keya asirudi. Sasa wajukuu wamesoma, nao wataka kujua alikokwenda, alikofia na alikozikwa. Shauri hili si dogo. Herufi moja ikisomwa vibaya yaweza kuupa ukoo kaburi la mtu mwingine, na yaweza kumwita mtoro mtu aliyekufa kwa homa akiwa kazini. Kwa hiyo yafaa tujue jinsi ya kuzisoma.

KEYA NA NAMBA ZAKE

Neno lenyewe Keya ni herufi tatu, K.A.R., zilizotamkwa na watu wetu kwa ulimi wao. Ndilo jina la jeshi la askari Waafrika wa mfalme wa Uingereza, lililoundwa mwaka wa 1902. Mbele ya herufi hizo huandikwa namba, na namba hiyo ndiyo yenye habari. Katika vita vya 1939–1945, K.A.R. ya 1 na ya 2 zilikuwa za Nyasaland, ndiyo Malawi ya sasa. Ya 3 na ya 5 za Kenya. Ya 4 ya Uganda. Na ya 6 ya Tanganyika. Watu walipozidi kuandikwa, ziliongezwa batalioni nyingine, nazo 26 K.A.R. na 36 K.A.R. zilikuwa za Tanganyika. Katika karatasi nyingine baada ya namba zimetiwa herufi T.T.; maana yake ni Nchi ya Tanganyika, kama ilivyoitwa wakati wa utawala wa Waingereza.

Mara nyingi mtu huona 1/6 K.A.R. au 2/6 K.A.R. akadhani kwamba ni tarehe, siku ya kwanza ya mwezi wa Juni, au siku ya pili. Sivyo. Tarakimu ya mbele ni batalioni, na ya nyuma ni rejimenti. Basi 1/6 ni batalioni ya kwanza ya rejimenti ya sita. Batalioni hiyo ilipigana Uhabeshi mwaka wa 1941. Huko Colito, tarehe 19 Mei, 1941, sajini mmoja wa batalioni hiyo, Mzungu wa Kenya aitwaye Nigel Leakey, alipanda juu ya kifaru cha adui na kukiteka, asionekane tena. Naye alipewa V.C., nishani iliyo kuu kuliko zote za ushujaa kwa Waingereza. Mwaka wa 1942 batalioni hiyo ilivuka bahari ikaenda Bukini. Basi mjukuu akiona 1/6 pamoja na mwaka, amekwisha kupata njia ya babu yake hata kama karatasi haikutaja nchi.

Lakini watu wa mpakani wasitazame ya 6 peke yake. Mtu wa Liuli au wa Mbamba Bay aliyevuka ziwa kutafuta kazi, akaandikwa jeshi huko Nyasaland, atapatikana katika 1 au 2 K.A.R., au katika 13 na 22, ambazo nazo zilikuwa za Nyasaland. Akitafutwa kwa Watanganyika hataonekana, na ukoo utasema bure kwamba jina lake limepotea.

Baada ya batalioni huja vikosi vikubwa zaidi. Coy. ni kombania, Bn. ni batalioni, Bde. ni brigedi, Div. ni divisheni. Hapa pana mtego uliowanasa wengi. Iko 11 (A) Div., na iko 11 (E.A.) Div. Ya kwanza, yenye herufi moja, ni divisheni ya Afrika iliyopigana na Wataliano katika Somalia na Uhabeshi mwaka wa 1941, nayo ikavunjwa mwaka huo huo. Ya pili, yenye herufi mbili, ni divisheni ya Afrika ya Mashariki iliyoundwa mwaka wa 1943. Ilikwenda Seiloni, kisha ikapigana na Wajapani katika Burma mwaka wa 1944, ikapita bonde la Kabaw mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin. Alama yao begani ilikuwa kichwa cha kifaru, mnyama wa porini. Batalioni za 26 na 36 za Tanganyika zilikuwa katika divisheni hii. Anayeacha herufi E ampeleka babu yake Uhabeshi, kumbe alikuwa Burma.

WASIOKUWA WAPIGANAJI WA BUNDUKI

Si kila aliyekwenda vitani alikuwa Keya. Katika vita vya pili zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika waliandikwa, na wengi walifanya kazi nyingine zilizolisha na kuliendesha jeshi. E.A.A.S.C. ni jeshi la uchukuzi na vyakula, ndipo walipokuwa madereva wengi. E.A.A.M.C. ni jeshi la waganga na wauguzi. E.A.E. ni mafundi wa madaraja na barabara. E.A.E.M.E. ni mafundi wa mitambo na magari. E.A.A.E.C. ni jeshi la elimu, na humo waliingia walimu. E.A.M.L.S. ni jeshi la kazi za mikono. A.A.P.C. nalo lilikuwa la kazi, na watu wake walihudumu katika Mashariki ya Kati. E.A.A. ni askari wa mizinga.

Twataka msomaji aone jinsi herufi hizi zinavyokaribiana. Toa S.C. mwishoni mwa E.A.A.S.C. na dereva amegeuka mpiga mizinga. Jambo hili lina uzito, maana tarehe 12 Februari, 1944, meli Khedive Ismail ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ndani yake walikuwamo askari wa mizinga wa 301 Fd. Regt. E.A.A., na watu karibu 1,300 wa kila namna walikufa katika muda wa dakika chache. Aliyefia baharini hana kaburi. Majina ya askari wale wa mizinga yameandikwa katika ukumbusho wa Afrika ya Mashariki ulioko Nairobi. Ukoo uliopewa herufi kamili waweza kwenda kulisoma jina; uliopewa herufi pungufu utatafuta kaburi nchi kavu siku zote.

HERUFI ZA CHEO

Pte. ni askari asiye na cheo. L/Cpl. ni lansi koplo, Cpl. ni koplo, na Sgt. ni sajini. C.S.M. ni sajini meja wa kombania, na R.S.M. ni sajini meja wa kikosi kizima. W.O.P.C. kilikuwa cheo walichopewa Waafrika katika vita vya pili, cha kuongoza platuni. Vifupisho vingine vyaonyesha kazi pamoja na cheo: Dvr. ni dereva, Gnr. ni mpiga mzinga, Spr. ni fundi wa jeshi, na Sig. ni mpeleka simu. Herufi zinazofuata jina ni za heshima: D.C.M. na M.M. ni nishani za ushujaa, na m.i.d. ni kwamba jina lake lilitajwa katika taarifa ya mkuu wa jeshi.

HERUFI ZA MAMBO YALIYOMPATA

Hapa ndipo moyo wa msomaji unapokwenda mbio, na hapa ndipo panapotakiwa utulivu. K.I.A. ni kwamba ameuawa katika mapigano. D.O.W. ni kwamba amekufa kwa majeraha. P.O.W. ni mfungwa wa vita. Lakini D.O.D. katika orodha moja yaweza kuwa amekufa kwa ugonjwa, na katika orodha nyingine ni siku ya kufa tu. Na D ikiwa peke yake yaweza kuwa amekufa, au ameachiwa kazi, au ametoroka, kwa kadiri ya alivyokusudia aliyeandika. Dawa yake ni moja: tazama kichwa cha safu, na kurasa za nyuma na mbele, uone karani yule yule aliitumiaje kwa watu wengine. Usimhukumu marehemu kwa herufi moja. Kadhalika A.W.L. ni kwamba siku ile hakuwapo bila ruhusa. Haisemi kwamba alikimbia vita. Askari aliyepewa likizo na kutoka Songea kwa miguu mpaka kwao milimani aliweza kuchelewa kurudi kwa siku kadhaa.

Na S.O.S. imewatia watu wengi hofu, kwa kuwa wameisikia kuwa ni kilio cha meli inayozama. Katika vitabu vya jeshi S.O.S. ni kwamba ameondolewa katika hesabu ya kikosi, na T.O.S. ni kwamba ametiwa katika hesabu. Karani wa kikosi alihesabu vinywa vya kulisha. Mtu akipelekwa hospitali au kikosi kingine, huondolewa.

Tutoe mfano, si wa mtu fulani, bali tumeutunga kwa mafundisho. Tuseme karatasi yasema: “Cpl. 36 K.A.R. T.O.S. 10/3/43. Emb. 44. Adm. C.C.S. 5/11/44. S.O.S. 7/11/44.” Kijana mmoja atasoma kwamba babu yake alikufa tarehe 7 Novemba, 1944, naye ataambia ukoo wote. Tusome polepole. Alikuwa koplo wa batalioni ya 36, ya Tanganyika. Tarehe 10 Machi, 1943, alitiwa katika hesabu. Maana Waingereza huandika siku kwanza, kisha mwezi, kisha mwaka. Mwaka wa 1944 alipanda meli. Tarehe 5 Novemba alipokewa C.C.S., ndiyo hospitali ya karibu na mapigano, na wakati ule divisheni yake ilikuwa Burma. Siku mbili baadaye batalioni ilimtoa katika hesabu yake, na hapo karatasi ya batalioni imenyamaza kwa sababu hakuwa mtu wake tena. Haikusema alikufa. Yapasa kutafuta T.O.S. nyingine, ya hospitali au ya kambi, na labda mwisho kuna Demob., yaani ameachiwa kazi vita vilipokwisha. Na kama hakuna, hatujui bado. Na kutojua ni afadhali kuliko kujua uongo.

KARATASI ZA WADACHI

Waliokwenda vita vya kwanza kutoka pande hizi wengi walikuwa na Wadachi kwanza, kwa kuwa ndio waliotawala. Vita vilifika ziwani mapema: tarehe 13 Agosti, 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wadachi Hermann von Wissmann huko Liuli. Songea ilitwaliwa na Waingereza mwezi wa Septemba, 1916. Mwisho wa Septemba, 1918, Jenerali von Lettow-Vorbeck alivuka tena mto Ruvuma kutoka nchi ya Wareno, akapita katika wilaya ya Songea, naye akaweka silaha chini huko Abercorn, ndiyo Mbala ya sasa, tarehe 25 Novemba, 1918.

Katika karatasi zao F.K. ni kombania ya askari. Vita vilipoanza zilikuwa 14: ya 3 ilikaa Lindi, ya 5 Masoko karibu na Tukuyu, ya 12 Mahenge. Vyeo vya askari vilitoka kwa Waturuki na Wamisri, kwa kuwa askari wa kwanza wa Wadachi waliletwa kutoka Misri mwaka wa 1889. Ombascha ni ombasha, kama koplo. Schausch ni shaushi, na Betschausch ni betishaushi, nao ni masajini. Sol ni kama sajini meja. Na Effendi ni afisa Mwafrika. Asiyejua kwamba Wadachi huandika sch mahali petu pa sh, atadhani kwamba Schausch ni jina la mtu.

Na mtego wa huku ni neno gef. Laweza kuwa ameuawa vitani, na laweza kuwa ametekwa, na Gefr., lenye r, si moja katika hayo, bali ni cheo cha askari. Basi ukiona gef., tafuta jina lile lile katika orodha za Waingereza. Mwaka wa 1917 waliiunda upya rejimenti ya 6 ya K.A.R., wakawatia humo askari wengi waliokuwa wa Wadachi zamani. Kwa hiyo mtu mwenye F.K. katika karatasi moja na 1/6 K.A.R. katika nyingine si lazima wawe watu wawili wenye jina moja; huenda ni mtu mmoja aliyebadilishiwa bendera.

Wengine walikuwa wapagazi, na hao wamesahauliwa kuliko wote. C.C. ni jeshi la wapagazi wa Waingereza, na jina lake limebaki katika mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam. Walikufa kwa makumi ya maelfu, hasa kwa kuhara, homa na njaa. Sanamu ya askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka wa 1927 ilikuwa ukumbusho wao pia, lakini haina jina la mtu hata mmoja.

MAJINA NA MAHALI

Herufi zikisha kueleweka, yabaki jina. Karani aliandika alivyosikia: Ndunguru laweza kuwa Dunguru au Undunguru, na Yohana wa nyumbani akawa Johannes kwa Mdachi na John kwa Mwingereza. Kabila nalo si ushahidi wa kutosha, maana Mmatengo au Mnyasa aliyeandikishwa Songea aliweza kuitwa Mngoni na karani asiyejua tofauti. Na mahali tusitafute Mbinga, kwa sababu wakati wa vita vyote viwili nchi yetu ilikuwa katika wilaya ya Songea. Katika ramani za Wadachi, Liuli ni Sphinxhafen na Manda ni Wiedhafen. Herufi N.O.K. zikionekana, zishukuriwe sana: zaonyesha jamaa wa karibu, na hapo huenda limeandikwa jina la baba na kijiji chake. Kisha jina hilo lilinganishwe na vitabu vya ubatizo vya misioni, ambavyo huandika wazazi na mwaka.

PA KUTAFUTA

C.W.G.C. ni halmashauri ya makaburi ya vita. Iliundwa mwaka wa 1917 ikiitwa I.W.G.C., ikabadili jina mwaka wa 1960. Basi herufi hizo mbili ni nyumba moja. Daftari yake yasomeka katika intaneti bila malipo, na mwalimu mwenye simu aweza kuwatafutia wanakijiji. Askari wengi waliokufa Burma wasijulikane walipolala wameandikwa katika ukumbusho wa Rangoon, ulioko katika makaburi ya Taukkyan, wenye majina karibu 27,000. Huko Kew, katika London, karatasi za jeshi la Waingereza zina herufi W.O., yaani Wizara ya Vita: W.O. 95 ni shajara za vikosi vya vita vya kwanza, na W.O. 172 ni za Burma. Shajara hazitaji kila askari, lakini zasema kikosi kilikuwa wapi siku gani, na hilo ni nusu ya jibu.

Neno moja la kuwatuliza waliotafuta wasipate. Mwaka wa 2021 halmashauri ile ilitoa taarifa ikakiri kwamba, baada ya vita vya kwanza, Waafrika na Wahindi wengi waliokufa hawakukumbukwa sawasawa na Wazungu. Watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Basi jina likikosekana katika orodha, si ushahidi kwamba mtu hakwenda, wala kwamba hakufa. Wazee waliosema alikwenda asirudi waweza kuwa ndio daftari pekee iliyobaki.

Kwa hiyo twawasihi walimu na wazee wa vijiji. Karatasi za jeshi zisifungiwe ndani ya sanduku mpaka mchwa wazile. Mtu mwenye mwandiko mzuri azinakili katika daftari kama zilivyo, nukta kwa nukta na mkwaju kwa mkwaju, asirefushe herufi asiyoijua wala asitupe tarakimu au herufi zilizo mbele ya namba ya askari. Maana aliyoipata aiandike kando, si juu yake. Na wazee waliosikia habari kwa masikio yao waulizwe mapema, kwa kuwa karatasi yaweza kungoja, lakini mzee hangoji. Tukifanya hivyo, mtoto wa Mpepai atakayeuliza babu yake alikuwa nani atapewa jibu la kweli, hata kama ni fupi.